Niende Guangzhou mwezi gani? Jibu kwa Mama Rukia kuhusu vimbunga, mvua na mzigo

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo, nauza mapazia na mikoba ya kike. Miaka yote nimeagiza kupitia wakala, safari hii nataka kwenda Guangzhou mwenyewe. Nauli imenipendeza mwezi wa Juni na mwezi wa Septemba. Tatizo, mwenzangu mmoja alikwama hotelini siku mbili kwa sababu ya kimbunga, na mwingine kontena lake lilifika Dar mikoba imeota ukungu, na kontena halikuwa na tundu hata moja. Hali ya hewa ya kule ikoje? Niende lini? Na kimbunga kikinikuta huko nifanyeje? — Mama Rukia, Dar es Salaam

JIBU: Mama Rukia, shikamoo. Kama una hiari, acha Juni na Septemba zote mbili. Nenda baada ya tarehe 10 Oktoba, urudi kabla ya mwisho wa Novemba. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu yao ya taifa, viwanda na maduka mengi yanafungwa, ndiyo maana nasema baada ya tarehe 10. Yale maonyesho makubwa ya bidhaa ya Guangzhou ya msimu wa vuli huanza tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 4 Novemba, na wanaoyapanga tarehe hizo nadhani wanajua mambo: huo ndio wakati mbingu za kule zimetulia, joto la kadiri, hewa kavu. Maonyesho ya kwanza, yanayoanza tarehe 15 Aprili, huangukia kwenye mvua.

Sasa nikueleze kwa nini, maana ukiujua mpangilio wenyewe hutahitaji kuniuliza tena mwaka ujao.

Guangzhou iko karibu kabisa na mstari wa Tropiki ya Kansa, kama nyuzi 23 kaskazini ya ikweta. Kaskazini yake kuna milima ya Nanling, kusini kuna bahari. Wakati wa baridi, bara kubwa la Asia linapoa kupita kiasi, hewa nzito inajikusanya juu ya Siberia na kumwagika kuelekea kusini. Wakati wa joto mambo yanageuka: bara linachemka, hewa inapanda, na upepo wa baharini unavutwa kwenda nchi kavu ukiwa umebeba maji. Ndiyo kaskazi na kusi, mama. Na kusi ile inayovuma Pemba na Lamu mwezi wa Juni haiishii Somalia. Inavuka ikweta ikipita kandokando ya pwani yetu, inapata nguvu mbele ya Pembe ya Afrika (wataalamu wanauita mkondo wa Findlater), inakata kona kuelekea India, inapita Ghuba ya Bengal na Indochina, na mkono wake mmoja unafika hadi Bahari ya Kusini ya China. Huko inakutana na mikondo mingine inayotoka Indonesia na Pasifiki. Kwa hiyo sehemu ya mvua itakayokulowesha Guangzhou mwezi wa Juni ilipita mbele ya nyumba za watu wa Malindi ikiwa bado ni upepo tu.

Mvua yao kwa mwaka ni zaidi ya milimita 1,700, Dar haifiki hapo, na sehemu kubwa sana hunyesha kati ya Aprili na Septemba. Lakini miezi hiyo sita haifanani.

Aprili na nusu ya Mei ni ugomvi. Hewa baridi ya mwisho inashuka kutoka kaskazini, hewa ya joto yenye maji inapanda kutoka kusini, zinakutana juu ya Guangdong, mkoa ambamo Guangzhou imo. Hapo ndipo zinapotoka radi za kutisha, mvua ya mawe, na mara chache tonado, kisulisuli kile chenye mkonga kama wa tembo. Tarehe 27 Aprili 2024 tonado ilipiga wilaya ya Baiyun, ndani ya Guangzhou yenyewe, ikaua watu 5 na kujeruhi 33, na kuharibu majengo zaidi ya mia moja ya viwanda. Siku nne baadaye, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Mei, baada ya mvua za wiki kadhaa, kipande cha barabara kuu kilimeguka upande wa Meizhou, mashariki mwa mkoa huo, magari yakatumbukia gizani moja baada ya jingine. Walikufa watu 52. Ndiyo maana mtu akiniambia anaogopa vimbunga vya China, huwa namuuliza kama anaogopa mvua.

Katikati ya Mei kusi ya kule inaingia rasmi, na kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni wenyeji wana jina lake: longzhou shui, maji ya mitumbwi ya joka, kwa sababu huangukia karibu na sikukuu yao ya mashindano ya mitumbwi. Huo ndio mwezi wako wa Juni wenye nauli nzuri. Si mvua ya rasharasha. Ni mvua inayosimama mahali pamoja saa tatu, nne, wakati mtaa wa pili ni mkavu. Mei 2020 mvua ya usiku mmoja ilifurika hadi ndani ya kituo cha treni ya chini ya ardhi mashariki mwa Guangzhou, njia nzima ikafungwa.

Julai, Agosti na Septemba ni zamu ya vimbunga.

Wenyewe wanakiita taifeng, Wajapani taifu, na Wazungu walipokutana nacho wakakipa jina la typhoon, ambalo ndani yake mna tufani yetu ya Kiarabu. Ni mnyama yuleyule anayeitwa saikloni kwenye Bahari ya Hindi. Tofauti ni wingi. Magharibi mwa Pasifiki huzaliwa dhoruba zaidi ya ishirini zenye kupewa majina kila mwaka, hakuna bahari nyingine inayozaa kiasi hicho, na Guangdong ndio mkoa wa China unaopigwa mara nyingi kuliko yote. Sisi Dar tunakaa karibu mno na ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hautoshi kuisokota hewa. Ndiyo maana Hidaya iliyofika Mafia Mei 2024 ilitushangaza wote, na Zanzibar wazee bado wanasimulia habari za kile cha 1872. Kule Guangdong mtu wa miaka thelathini ameshaviona vingi hata hakumbuki majina.

Majina yenyewe yana mzaha wake. Nchi na maeneo kumi na nne ya upande ule yamechangia orodha ya majina 140, kila mmoja kwa lugha yake. Mangkhut, iliyotua Taishan, kusini-magharibi mwa Guangzhou, jioni ya tarehe 16 Septemba 2018, ni jina la Kithai la tunda, mangostini. Tunda hilo liliipa Hong Kong ishara ya kimbunga namba 10, ya juu kabisa, kwa saa kumi nzima. Jina likastaafishwa, kama inavyofanywa kwa kila kimbunga kilichoua au kuharibu sana. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 2017, Hato (kwa Kijapani ni njiwa!) ilitua Zhuhai na kuua watu 10 Macau, baadhi yao wakiwa chini ya majengo, kwenye maegesho ya magari, bahari ilipoingia ghafla. Saola ilikuja Septemba 2023, Ragasa Septemba 2025, zote namba 10. Unaona Septemba inavyojirudia? Ndiyo hiyo ninayokukataza.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba siku moja kabla ya kimbunga huwa nzuri kupindukia. Pembezoni mwa dhoruba hewa inashuka, na hewa ikishuka inafuta mawingu. Jua linawaka, hakuna upepo, joto linapanda hadi nyuzi 36 au 37, anga inakuwa na ukungu wa vumbi. Mgeni anasema hawa wanatangaza kimbunga kipi? Anakwenda zake sokoni. Hivyo, mama, ukiona tangazo usitazame dirishani, tazama tangazo.

Tangazo lenyewe huhitaji kujua Kichina kulisoma, ni rangi. Guangdong kimbunga kinapewa nyeupe, buluu, njano, rangi ya chungwa, kisha nyekundu. Nyeupe na buluu endelea na kazi zako huku ukipunguza mizunguko. Njano shule zinafungwa, na mimi kipimo changu kilikuwa hicho: watoto wasipokwenda shule na mimi siendi popote. Chungwa na nyekundu uwe umeshanunua chakula na maji ya siku mbili, simu imejaa chaji na benki ya chaji imejaa pia, kwa sababu kule unalipia kila kitu kwa simu, umeme ukikatika unakuwa huna hela. Beba noti kidogo. Mji ukiamuru kusimamisha kazi, shule, viwanda, usafiri na biashara, basi ni vyote kweli, hata treni. Mwenzako aliyekwama siku mbili hakuwa na bahati mbaya, alikuwa mahali salama na aliambiwa akae.

Kama ndege yako inapita Hong Kong, wao wana namba: 1, 3, 8, 9, 10. Namba 8 ikipandishwa mji unafunga, vivuko vinasimama, ndege nyingi zinafutwa. Hutangaza mapema, kama saa mbili kabla, ili watu wawahi nyumbani, na saa hizo mbili ndizo zenye msongamano mbaya kuliko wa Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Wahi kabla ya tangazo hilo.

Hotelini, kaa mbali na madirisha. Upepo ukinyamaza ghafla na mbingu zikafunguka, usitoke kupiga picha: huenda ni jicho la kimbunga linapita juu yako, na ukuta wa pili unakuja ukivuma kutoka upande wa pili, mara nyingi kwa nguvu ileile.

Lakini, narudi palepale, upepo una mipaka yake. Kimbunga kikifika nchi kavu kinapungua nguvu ndani ya saa chache. Maji ndiyo yanayobaki. Kwanza bahari. Upande huu wa dunia kimbunga kinazunguka kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo ukisimama uelekeo kinaokwenda, mkono wake wa kulia ndio unaosukuma bahari kuingia nchi kavu. Mangkhut ilitua magharibi ya mlango wa Mto Zhujiang, ule wanaouita Pearl, na Hong Kong, Shenzhen na Guangzhou zote zikawa kuliani. Guangzhou iko mbali na bahari ya wazi, lakini mto ule unapanda na kushuka na maji ya bahari, na siku ile ulivuka kingo zake katikati ya mji. Mtu anaweza kulowa na bahari asiyoiona.

Pili, mabaki. Septemba 2023, Hong Kong ilikuwa imemaliza wiki ya Saola, watu wamepumua. Ikaja Haikui, kimbunga kilichotua Fujian, mbali kabisa, kikafa. Mabaki yake, wingu tu lisilo na upepo wa maana, yalijiburuta hadi juu ya mji, na usiku wa tarehe 7, kati ya saa tano na saa sita, zikashuka milimita 158.1 kwa saa moja. Hakuna saa kama hiyo katika kumbukumbu zao tangu 1884. Dar ikipata hiyo, ni zaidi ya nusu ya mvua ya Aprili nzima kwa muda wa kupika wali. Tahadhari nyeusi ya mvua, ambayo kwao maana yake ni zaidi ya milimita 70 kwa saa, ilidumu zaidi ya saa kumi na sita.

Na saa kama hizo zinaongezeka. Hewa ikipata joto nyuzi moja zaidi inabeba mvuke wa maji karibu asilimia 7 zaidi, na bahari iliyo kusini ya China imepata joto. Miji yenyewe imefunikwa saruji, maji hayana pa kunywea.

Kwa hiyo mvua ikikukuta mtaani: usishuke. Neno moja hilo. Usishuke kwenye njia ya chini ya reli, usishuke kwenye maegesho, na usiingie kituo cha treni ya chini ya ardhi ambacho maji yameanza kuteremka ngazi. Zhengzhou, mji wa mbali kaskazini, Julai 2021, mvua ya milimita 201.9 kwa saa moja iliwakuta abiria ndani ya treni, na 14 hawakutoka. Ingia dukani, panda ghorofa ya kwanza, subiri. Usipite kwenye maji yaliyotuama karibu na nguzo ya taa, kituo cha basi chenye tangazo la umeme, au waya uliolala. Juni 2018, mvua za kimbunga Ewiniar zilipofurika mitaa ya Guangzhou na Foshan, kuna watu waliokufa si kwa kuzama bali kwa umeme uliovuja ndani ya maji. Na zile pikipiki za umeme zinazopita kimya kwenye vichochoro, wakati wa mvua dereva haoni, wewe husikii. Namba za dharura ni 110 polisi, 119 zimamoto, 120 gari la wagonjwa.

Joto la Julai na Agosti sitalizungumza sana, umezaliwa Dar. Tofauti ni kwamba kule usiku haupoi. Kunywa maji, basi. Baridi ya Januari ndiyo itakayokushangaza: wastani nyuzi 14 hivi, lakini nyumba hazina vipasha joto, na upepo wa kaskazini unaingia mpaka mifupani. Januari 2016 hata chembe za theluji zilidondoka mjini, watu wakatoka nje kupiga picha kama wameona kupatwa kwa jua. Halafu Januari au Februari ndio mwaka mpya wa Kichina, hata ukivumilia baridi hutapata wa kumnunulia kitu.

Mbu pia. Baada ya mvua wanazaliana kwenye kila kopo. Mwaka 2014 homa ya dengu ilishika watu zaidi ya 40,000 Guangdong, na kiangazi cha 2025 Foshan, jirani wa Guangzhou, ilipata mlipuko wa chikungunya wenye maelfu ya wagonjwa. Jina hilo, kama hukujua, ni la Kimakonde. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza kusini kwetu miaka ya 1950, na maana yake ni kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyouma. Vaa mikono mirefu jioni, na ukirudi nyumbani na homa mwambie daktari ulikuwa wapi.

Sasa mikoba ya mwenzako. Hapa naomba unisikilize vizuri maana hasara hii inajirudia.

Kontena lake halikuvuja, lilitoka jasho. Katoni, mbao za kupangia mzigo, hata vitambaa, vinanyonya unyevu wa hewa. Ukivipakia siku ya mvua, umefunga maji ndani ya sanduku la chuma. Baharini mchana jua linalichemsha kontena, unyevu unatoka kwenye katoni na kuwa mvuke. Usiku paa linapoa, mvuke unagandamana juu na kudondoka kama mvua ndogo. Wiki kadhaa za namna hiyo, ngozi ya mkoba inaota.

Wakati mbaya zaidi wa kupakia si hata msimu wa mvua kubwa. Ni Februari hadi Aprili, siku ambazo wenyeji wanaziita huinan tian, kurudi kwa kusini. Baridi imekaa wiki nzima, kuta na sakafu zimepoa, ghafla upepo wa bahari wenye unyevu unaingia. Kuta zinatiririka maji. Ngazi zinateleza. Nilipokuwa mwanafunzi kule, mara ya kwanza nilifungua madirisha yote ili chumba kikauke. Jioni godoro lilikuwa kama limemwagiwa ndoo. Mlinzi wa bweni alicheka akanionyesha kwa mikono: funga, funga. Stoo za mizigo nyingi milango yake haifungwi mchana kutwa, basi fikiria katoni zako zilizopangwa hapo juu ya sakafu.

Muulize wakala stoo iko ghorofa ya ngapi, na katoni zinakaa juu ya mbao au chini. Dai mbao kavu. Agiza ile mifuko mikubwa ya kunyonya unyevu inayoning'inizwa ndani ya kontena, si vile vipakiti vidogo vya kwenye viatu, na ilipie mwenyewe ukiona wakala anasuasua. Kata bima ya mzigo wa baharini na usome kama inagusa unyevu, kwa sababu nyingi zinagusa maji ya bahari na kuacha jasho. Msimu wa vimbunga bandari za Nansha na Yantian husimamisha kazi, foleni ya meli inachukua siku kadhaa kunyooka, kwa hiyo mzigo wa Septemba usiuahidi kwa mteja kwa tarehe.

Kama nauli ya Juni tayari umeilipa na hairudishwi, nenda tu, watu wanakwenda. Tafuta hoteli isiyo kwenye bonde, chumba cha ghorofa ya tatu kwenda juu. Asubuhi fanya manunuzi, kwa kuwa mvua nyingi za radi za huko huchemka alasiri, ingawa zile za longzhou shui hazina saa. Acha siku mbili za ziada kabla ya ndege ya kurudi. Mwombe mtu wa mapokezi akuandikie kwa Kichina jina la hoteli na neno baoyu, mvua kubwa, ulijue sura yake likitokea kwenye simu. Mwavuli usibebe, kule ni bei ya chai, na upepo wa kimbunga utakunyang'anya hata ungekuwa wa chuma. Na wakala akikwambia mzigo upakiwe leo mvua ikinyesha kwa sababu meli inaondoka kesho, mwambie utangoja meli ya pili.